Walikata Landrova ya Marehemu Baba Ili Iserereke Vizuri

Nina umri wa miaka thelathini na minne, sijaolewa, na kiganja changu cha kulia kina sugu ambayo haikutokana na jembe. Wasomaji wenzangu, mkasa wangu wote umo katika sugu hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto wanne wa Mbulumbulu, huku juu Karatu kunakolimwa ngano. Mama alifariki alipomzaa kitinda mimba wetu, Yuda. Miaka michache baadaye baba naye akamfuata, nikiwa darasa la sita. Sikurudi tena shuleni… Ningerudi vipi? Nyuma yangu alikuwepo Damiano, alikuwepo Paulina, na huyo Yuda ambaye alikuwa bado hajui kufunga vifungo vya shati lake.

Baba alituachia shamba dogo na Landrova kuukuu, ya nyuma wazi, aliyokuwa akibebea mahindi na maharage ya wakulima kuyapeleka sokoni Karatu. Matanga hayajaisha, ndugu wakasema iuzwe. Nilikataa. Niliwaambia kuwa gari lile ndilo baba tuliyebakiwa naye. Walinicheka, wakaenda zao, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tunakula nini.

Anayeijua barabara ya kwetu wakati wa masika atanielewa. Udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Gari lenye magunia likipanda kilima, mkia wake huchomoka ukataka kutangulia mbele, na dereva haoni nyuma kwa sababu ya mzigo. Kwa hiyo utingo husimama juu, ameshika bomba la turubai. Mkia ukichomoka, anatupa uzito wake upande wa kuuzuia, na kwa mkono anapiga bati la paa. Pigo moja, dereva arudishe usukani. Mapigo mawili, akanyage mafuta.

Utingo huyo nilikuwa mimi. Baba alinianzisha nikiwa bado mwanafunzi, wakati wa likizo. Baada ya kifo chake rafiki yake alituendeshea gari mpaka Damiano alipokomaa, kisha mdogo wangu akashika usukani. Yeye chini, mimi juu. Hakuwahi kuniuliza kitu njiani. Mkono wangu ulisema, mikono yake ikatenda. Magunia yakafika, Paulina na Yuda wakala, wakavaa, wakasoma.

Sasa mchezo wenyewe… Ngano ikishavunwa, mashamba hubaki na mabua makavu yanayoteleza. Jumapili baada ya ibada, vijana wenye magari walikuwa wakikusanyika kwenye shamba moja kubwa. Walikuja wapeleka mizigo kama sisi, na madereva wa watalii waliokuwa na mapumziko kutoka Ngorongoro. Pipa tupu liliwekwa katikati. Gari linakuja kwa kasi, linatupa mkia, linalizunguka pipa likiwa ubavu ubavu bila kuligusa. Hapakuwa na mwamuzi, kelele za watu ndizo zilizoamua. Mshindi alipewa mbuzi, na mbuzi akaliwa palepale.

Mimi na Damiano tulicheza kama tulivyofanya kazi. Yeye ndani, mimi nimesimama nyuma na mabuti yangu ya mpira, nimefunga kanga kiunoni. Watu waliniita Dada Jiwe.

"Damiano, huyo dada yako mbona anakaa juu kama kunguru?" dereva mmoja wa watalii alitutania siku moja.

"Uliza vizuri," mwenzake akamjibu. "Dereva ni dada. Damiano ni pambo la kwenye kioo!"

"Pambo lenyewe linakula mbuzi wako leo!" Damiano akawarushia, na shamba zima likacheka.

Siwafichi, zile ndizo siku pekee za ujana wangu nilizocheka mpaka mbavu zikauma. Na zilitusaidia. Wakulima walioona jinsi tunavyolimudu gari walitupa mizigo yao bila wasiwasi. Nani angeogopa kumpa maharage yake Dada Jiwe?

Ndipo akaja Franki.

Alikuwa kijana wa Moshi aliyefungua duka la vipuri karibu na stendi ya Karatu. Alikuwa mtanashati, mwenye maneno laini, na Arusha alikuwa na marafiki wanaoshindana kwa magari, wale wenye magari ya kung'aa na ovaroli zenye majina. Alitutazama Jumapili ya kwanza, akatikisa kichwa. Akasema mchezo huu tunaucheza kama watoto wa machungani. Kule mjini unaitwa drifti, una kamba ya kuzuia watu, una kofia ngumu, una sheria. Tukiufuata hivyo, na sisi tutakuwa na klabu, na wageni watakuja Karatu kwa ajili ya mchezo wetu, siyo kwa ajili ya simba tu.

"Kofia ngumu ya nini, kaka, tunachimba madini?" walimzomea.

Mimi sikumzomea. Nilikuwa nimeona mara nyingi watoto wanavyokimbia mbele ya magari. Jumapili iliyofuata alipokuja na kamba, mtu wa kwanza kumshikia ncha ya pili nilikuwa mimi. Mpaka leo nasema kamba ile ilikuwa jambo jema. Nakuombeni mlikumbuke hilo, maana mtu akiumizwa huona kila kitu cha aliyemuumiza ni kibaya.

Kwenye kamba ile ndipo mapenzi yetu yalipoanza. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kuolewa. Nani angemwoa utingo mwenye wadogo watatu? Lakini Franki alileta washenga, wakapokelewa. Akawa anamwita Yuda "shemeji", anamletea madaftari. Akaniambia mabuti yale ya mpira nitayavua siku ya harusi na sitayavaa tena. Moyo wangu ulilainika kama ugali wa mgonjwa!

Kisha akaleta sheria ya mwisho. Hakuna mtu kusimama nyuma ya gari.

Damiano alinitazama. Nikasema ni sawa, mtu akianguka itakuwaje? Nikashuka, nikasimama nyuma ya kamba kama mtazamaji. Damiano akaingia peke yake… akaligonga pipa. Akarudia, akaligonga tena. Yeye ambaye hakuwahi kuligusa!

Franki alisema tatizo ni uzito wa gari. Nilikwenda kulisimamisha pipa. Lakini rohoni nilijua tatizo halikuwa uzito.

Wakati huo Paulina alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni mbali huko upande wa Mbulu. Nilimsindikiza mwenyewe. Ufunguo wa Landrova nilimwachia Franki, maana alisema breki zinahitaji kuangaliwa kabla ya masika. Mvua zikawahi, barabara ikakatika, nikakwama huko siku nyingi kuliko nilivyopanga.

Niliporudi nilishukia stendi, nikaenda moja kwa moja gereji ya jirani na duka la Franki… Jamani! Sikuitambua Landrova ya baba yangu.

Sehemu yote ya nyuma ilikuwa imekatwa. Mabomba ya turubai hayapo. Chesisi imefupishwa na kuchomelewa upya. Kilichobaki kilikuwa kifupi kama panzi aliyeng'olewa miguu ya nyuma. Na bati la paa, lile lililobonyea mahali mkono wangu ulipozoea kupiga, lilikuwa chini, fundi ameanika nati zake juu yake.

Damiano alikuwa palepale, mikono imejaa grisi. Alijua! Alikuwa ameshika spana!

"Dada, ningekuambia, ungekataa," alisema akitazama chini.

"Ndiyo maana ulitakiwa uniambie!"

Franki akanivuta pembeni. Akaniambia nisilie mbele za watu. Wenzake wa Arusha wanakuja kufanya onyesho kubwa hapa Karatu, Damiano akifanya vizuri watamchukua awe dereva wa kulipwa, na sisi tukioana tutafungua gereji yetu.

"Na maharage ya watu yatabebwa na nini?" nilimuuliza.

"Tere," aliniita jina langu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto, "wewe kila siku unawaza magunia. Waza mbele."

Niliwaza mbele. Nikamwona Paulina bwenini na Yuda aliyebaki nyumbani. Lakini gari lilishakatwa… ningefanya nini? Nililichukua lile bati, nikalibeba kichwani mpaka kwenye gari la kurudi Mbulumbulu.

Siku ya onyesho watu walijaa uwanja wa pembeni mwa mji kuliko siku ya mnada. Walitoka mpaka Ganako. Wale wa Arusha walikuja na magari mafupi yaliyokaa chini, yaking'ara, wakazunguka mapipa kama wanaocheza ngoma. Walikuwa hodari, sitadanganya. Kisha kipaza sauti kikasema sasa ni zamu ya kijana wa nyumbani. Watu wakalipuka!

Nilikuwa nyuma ya kamba. Landrova ikaja, mkia ukachomoka vizuri kabisa, na mimi nikaona, kama ninavyoona siku zote, mahali hasa pa kurudisha usukani. Mkono wangu ukainuka wenyewe ukapiga… hewa. Damiano alichelewa. Pipa la kwanza likaruka. La pili likaruka. Watu wakaanza kucheka. Mara ya tatu mkia haukuwa na kitu cha kuuzuia. Gari lilizunguka, likaenda ubavu likielekea kwetu, likapinduka kwenye mtaro kabla tu ya kufika kwenye kamba.

Hakuna mtazamaji aliyeumia, na hilo ni kwa sababu ya kamba ya Franki. Damiano alivunjika nyonga. Landrova ekseli ilikatika na injini ikapasuka. Ikafia pale.

Wale wa Arusha walikuja kumtazama hospitali mara moja. Nilimsikia mmoja wao akimwambia Franki kwenye korido kuwa watu wa huku bado hawajafikia kiwango, wangoje kwanza. Franki akaitikia kwa kichwa. Aliitikia! Yeye aliyekula mbuzi wetu, aliyeshangilia na sisi!

Duka lake halikukaa sana. Alisema anakwenda Arusha kutafuta vipuri ili gari lirudi barabarani, na mambo ya harusi tutayazungumza akirudi. Nilimngoja masika yakaisha, ngano ikaota, ikavunwa. Habari za kuwa amefunga ndoa kwao Moshi niliambiwa na mwanamke niliyekuwa nikimuuzia maharage. Niliendelea kumpimia. Kipimo kilitimia bila kosa, nashangaa mpaka leo.

Nilirudi kwenye punda, kama wazee wetu kabla ya magari. Mzigo uliokuwa safari moja ya Landrova ukawa wiki nzima ya kutembea. Wakulima walinihurumia, lakini huruma haifikishi gunia sokoni. Walihamia kwa wenye magari. Paulina aliacha shule kidato cha pili. Nilikuwa sijamwambia neno, alirudi tu na sanduku lake. Akasema Yuda ndiye asome. Akapata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ya watalii, barabara ya kwenda getini Ngorongoro. Nililia siku aliyoanza kazi kuliko nilivyomlilia baba.

Damiano alipoweza kutembea, kwa kuchechemea, hakuweza kututazama usoni. Akaondoka bila kuaga. Tukasikia anaosha magari Arusha. Mchezo wetu nao ukafa. Nani angecheza tena, baada ya kuambiwa hajafikia kiwango?

Nilibaki. Ndicho ninachokijua, kubaki. Yuda amemaliza kidato cha nne, sasa anasomea ualimu. Nashukuru Mungu.

Baada ya mavuno yaliyopita vijana wadogo wamefufua mchezo kwenye shamba lilelile, na magari mabovu kuliko letu. Niliposikia, nilikwenda na kamba. Nikaanza kuifunga mwenyewe.

"Dada Jiwe, panda basi tuone!" walinipigia kelele.

"Mtu hapandi nyuma," niliwaambia. "Na gari la kubebea mzigo wa nyumbani lisiingie hapa. Anayetaka kucheza alete gari ambalo likifa, kwao watakula."

Walinung'unika, lakini gari moja lilitolewa.

Nilipogeuka, nilimwona mtu anayechechemea ameshika ncha ya pili ya kamba. Alikuwa amenenepa kidogo, ana mvi za mapema kama baba. Hatukukumbatiana. Tuliifunga kamba kwanza.

"Siku ile sikuwa nimesahau kuendesha, dada," Damiano alisema hatimaye. "Nilikuwa nasubiri mkono wako."

Nilimwambia tu twende nyumbani, makande yapo jikoni.

Wasomaji wenzangu, sisemi mchezo usikue. Ukue! Waje wataalamu, waje na kofia zao na kamba zao, tujifunze. Lakini mtu akija kukufundisha, mwambie kwanza jinsi unavyofanya wewe, na aulize ni kwa nini. Franki hakuuliza mkono wangu ulikuwa na kazi gani pale juu. Na mimi sikusema, kwa kuwa nilikuwa nimechumbiwa, nikaona mchumba hapingwi. Dada zangu mnaolea wadogo zenu, msinyamaze kama nilivyonyamaza. Kitu kinachowalisha mayatima kisikatwe na mtu yeyote, hata awe na washenga wangapi!

Damiano anakaa nasi sasa. Lile bati nililiezeka juu ya jiko. Mvua ikianza, matone makubwa ya kwanza hulipiga… moja… kisha mawili… na mimi naona, akiwa amekaa pale na sahani yake, mguu wa mdogo wangu ukikanyaga sakafu.