Kamba ya Sada Ilikazwa Mno

Sada alivuta kamba kutoka mchangani. Mwani ulitoka mweupe, laini kama muhogo uliooza, ukamkatikia mkononi. Akavuta kamba ya pili. Hali ilikuwa ile ile.

Maji yalikuwa yamekupwa, yakimfika kiunoni. Zamani wanawake wa Songo Mnara walipanda mwani kwenye maji mafupi, hadi joto likauua. Wenzake wakaacha. Yeye akasogea kwenye maji marefu, akafunga chupa tupu za plastiki zibebe kamba, na magunia ya mchanga yazishike chini. Hii ilikuwa mara ya tatu zinazama. Mbegu iliyobaki, vipande vya mwani hai, ni kapu moja. Ikifa hiyo, hana kilimo tena.

Shemeji yake Khamisi, mzamiaji wa pweza, alikuwa akipita. Akaokota chupa moja. Ilikuwa imebonyea, na ndani ina maji.

"Shemeji, umekaza kamba kama unawamba kitanda," alisema. "Alale nani huku?"

Sada hakucheka. Akamjibu kuwa ndivyo walivyofundishwa: kamba iliyolegea ni ya mvivu.

Khamisi akasema hiyo ni kwa vigingi vya maji mafupi. Akampa chupa nzima yenye kizibo, akamwambia aizamishe. Chupa ikamsukuma mkono.

"Chupa ikiingia, maji yanaipisha," Khamisi alisema. "Ikipishwa na maji mengi, inasukumwa juu kwa nguvu. Ikipishwa na machache, nguvu inapungua."

"Na huko chini?"

"Chini maji yanabana. Mimi huniuma masikio. Wewe umepima kamba maji yamekupwa. Yakijaa, chupa haiwezi kupanda. Inabanwa, inakuwa ndogo, inapishwa na maji machache. Kizibo kikivuja, maji yanaingia, inazama, na mwani unafia mchangani."

Sada akaitazama ile chupa iliyobonyea. "Kumbe nimeua mwani wangu mwenyewe."

Khamisi alimweleza kwamba kamba kutoka gunia la mchanga hadi chupa lazima izidi kina cha maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko yote. Wakayamwaga maji yaliyoingia kwenye chupa, wakabadilisha vizibo, wakaunga kamba ziwe ndefu.

Maji yalipowafika kifuani, walikuwa wamemaliza kamba moja tu. Chupa zake zilipanda pamoja na maji, zikabaki juu.

Sada akafunga nusu ya mbegu hapo. Nusu nyingine akaiacha kapuni, ndani ya maji. Hakujua kama itafika kesho ikiwa hai. Kamba nane zilikuwa bado hazijaungwa.