Nakupa Mji wa Babati

Kila Jumamosi asubuhi, Jovita wa Maisaka hufagia uwanja, huwawekea kuku maji, kisha humsaidia mama yake kukaanga maandazi. Jumamosi hii alifagia harakaharaka. Tamasha la maigizo lilikuwa limefika Babati, na jukwaa lilikuwa tayari kwenye uwanja wa wazi.

Kabla ya igizo, watoto wangepakwa rangi usoni, kisha wangeshindana kwa vitendawili. Mshindi ndiye angepiga ngoma ya kufungua igizo. Jovita alikuwa ameshalitangazia darasa zima kwamba ngoma hiyo ni yake.

"Wapelekee waigizaji maandazi," mama alimwambia walipofika. "Usikae huko."

Jovita alikaa. Nyuma ya pazia, Dada Irine, mwigizaji aliyesimamia vitendawili, alikuwa akifanya mazoezi kwa sauti, maswali pamoja na majibu. Jovita alisikia mawili, akaondoka akinyata.

Mashindano yalipoanza, watoto walitolewa mmoja mmoja. Wakabaki Jovita na rafiki yake Sabrina.

"Kitendawili!" aliita Dada Irine.

"Tega!"

"Babu ana ndevu, meno yake ameyafunika..."

"Hindi!" Jovita alijibu kabla hajamaliza.

Watu walipiga makofi. Sabrina alimnong'oneza, "Wewe Jovita, una akili jamani! Mimi hata sijaanza kufikiri." Jovita hakumtazama.

Kikaja cha mwisho. "Hana shamba, lakini hushiba mahindi yetu. Hana nyumba, lakini mchana hulala majini. Jovita?"

Jovita alilijua jibu. Pembeni, Sabrina alikuwa amefumba macho, akihesabu wanyama kwa vidole. Kijiti cha ngoma kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

"Nakupa mji," alisema Jovita.

Asiyejua jibu hutoa mji. Watu wakaguna.

"Mji gani?"

"Babati."

"Babati nzima, na ziwa lake!" alisema Dada Irine, na watu wakacheka.

Sabrina akafumbua macho. "Ziwa! Ni kiboko!"

"Sawasawa! Ngoma ni yako."

"Jovita naye kashindwa na kiboko!" Felix wa darasa lao alipiga kelele. "Si ulisema ngoma yako?"

"Sikushindwa," Jovita alisema. "Nilisikia jibu nyuma ya pazia. Na lile la hindi pia. Nisamehe, Dada Irine."

Dada Irine alimtazama kidogo. "Umetoa mji wako, huna kitu tena. Haya, tega wewe."

"Kitendawili!"

"Tega!" uwanja wote uliitikia.

"Nimeiba kwa sikio, nimerudisha kwa mdomo."

Dada Irine akatabasamu. "Hapo umeniweza. Chukua Babati yako."

"Ni jibu la kitendawili," alisema Jovita.

Ngoma ikalia, na Sabrina aliipiga kwa nguvu zake zote. Jovita alirudi kwa mama yake akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilikwambia usikae huko," mama alisema, akimfuta rangi iliyochanganyika na machozi. "Lakini nimefurahi umesema mwenyewe, mbele za watu. Ngoma ya wizi, mwanangu, ungeipiga leo, kisha ingekupigia kelele moyoni kila siku. Ya haki husubiri. Sasa kaa hapa, igizo linaanza."