Vijiti Ndani ya Soksi

Haya alinisimulia Bibi Verlyn mwenyewe, Jumapili moja ya mwezi wa saba, tukichambua mbaazi jikoni kwake, hapa London. Mjukuu wake Josanne alikuwapo, na bibi alipokosea, alimsahihisha.

Kila Jumanne baada ya shule, Josanne, mwenye miaka kumi na mitatu, alikwenda kufanya mazoezi ya ngoma za chuma, zile tulizokuja nazo kutoka Trinidadi. Vijiti vyake viwili vya kupigia alivichomeka ndani ya soksi, kama wapigaji wote wanavyofanya, mikono ibaki mitupu. Jumanne moja alifuatana na Imogen, msichana wa Kizungu wa darasa lake, naye vijiti vyake vimo soksini vilevile.

Karibu na kituo cha treni, askari wawili wakamsimamisha Josanne.

"Wewe binti, hebu simama. Una nini mguuni?"

"Vijiti vya ngoma."

"Vijiti vya ngoma!" Askari akacheka. "Nimesikia mengi, hilo ni jipya. Mikono ukutani."

"Hata mimi ninavyo!" Imogen akapandisha suruali, akaonyesha.

"Sikukuuliza wewe. Songa pembeni."

Josanne akaweka viganja ukutani. Wakampekua mifuko, begi na soksi, watu waliokuwa wakingoja basi wakitazama. Hawakukuta kitu. Askari akajaza karatasi ya upekuzi, akampa. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: "Alionekana ana wasiwasi."

Josanne akaikunjakunja karatasi ile, akaisukuma chini kabisa ya begi. "Usimwambie mtu," akamwomba Imogen.

Tangu siku hiyo mtaa ukawa mwembamba. Akiona gari la polisi, anageuka. Akisikia viatu nyuma yake, anavuka barabara. Mazoezi akayaacha.

"Mwalimu anaumwa," akamwambia bibi. Wiki iliyofuata, "Bado anaumwa."

Hata nyumbani hakupata pa kupumulia, maana juu ya kabati bibi aliweka kopo la biskuti lililojaa karatasi kama ile yake. Kila jirani aliyesimamishwa barabarani alimletea bibi ya kwake. Alhamisi angezipeleka kwenye mkutano wa wakazi na mkuu wa polisi.

"Mkuu anasema tunatia chumvi," bibi alinung'unika wakila. "Eti wanaosimamishwa ni vijana wakorofi tu."

Josanne akatazama sahani yake. Karatasi ya begini ingemjibu mkuu. Lakini kuitoa ni kusema alipekuliwa mbele za watu, na kwamba amemdanganya bibi mara mbili.

Jumatano mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Lennox, mwalimu wa ngoma.

"Bibi Verlyn, Josanne anaumwa nini? Asipokuja Jumanne, nafasi yake kwenye gwaride la kanivali nampa mwingine."

"Mimi nimeambiwa unaumwa wewe!"

"Mimi?" Bwana Lennox akajishika tumbo. "Mbona nazidi kunenepa?"

Wote wawili wakamgeukia Josanne.

Akaleta begi, akainyoosha karatasi mezani kwa kiganja, akaeleza yote huku analia.

"Kwa nini hukuniambia?" bibi akauliza.

"Niliona haya. Nilidhani utasema kuna kitu nimefanya."

Alhamisi, mkutanoni, bibi alimkabidhi mkuu kopo, karatasi ya Josanne ikiwa juu. "Zisome wewe mwenyewe, Bwana Mkuu. Kwa sauti, tafadhali."

"Alionekana ana wasiwasi," mkuu akasoma. Ya pili, vilevile. Kufika ya tisa sauti yake ilikuwa imeshuka.

Josanne akasimama, akainua vijiti vyake. Imogen, aliyekuja naye, akasimama kando yake, akainua vya kwake.

"Tulikuwa wawili," Josanne akasema. "Vijiti vinne. Nilipekuliwa mimi peke yangu."

"Kwa nini?" bibi akauliza.

Mkuu akazirudisha karatasi koponi. Akamwomba Josanne radhi mbele ya ukumbi wote. Kisha akakubali kwamba kila mwezi wakazi watazisoma karatasi zote kwenye kituo cha polisi, na askari asiye na sababu ya kweli ataitwa ajieleze.

"Tutaona," bibi akasema. "Kopo naondoka nalo."

Walipofika nyumbani, alimkalisha mjukuu wake kitandani.

"Kunidanganya ulikosea, na Bwana Lennox utamwomba radhi mwenyewe. Lakini aibu ya pale ukutani haikuwa yako. Ulipoificha ile karatasi, uliwabebea wao aibu yao. Ukionewa, sema mapema, kwa mtu anayekupenda."

"Na Jumanne wakinisimamisha tena?"

"Huenda wakakusimamisha. Dai karatasi yako, uniletee."

"Vijiti niweke wapi sasa, Bibi?"

"Soksini. Kwani vinawekwa wapi?"

Bibi alilala kwanza, kopo likiwa kando ya mto wake. Josanne akabaki akigonga wimbo wa gwaride kwa vidole kwenye ubao wa kitanda chake, polepole, polepole zaidi, hadi vidole navyo vikatulia.