Kifuniko cha Mukecuru

Kila Jumapili baada ya misa, Ingrid na babu yake walipanda Mukecuru kutoka mtaa wao wa Nyakabanda kwenda mtaa wa Gatsata. Mukecuru, yaani bibi kizee, lilikuwa jina la gari. Marehemu bibi yake Ingrid, Spéciose, ndiye aliyelibandika jina hilo siku walipohamia Kigali kutoka Bujumbura, magodoro juu na watoto wanne nyuma. Lilikuwa gari la rangi ya maziwa, kuukuu kweli kweli, na vijana wa mtaani walilicheka. Mzee Melchior, babu yake Ingrid, hakujali. "Ya kale ni dhahabu," aliwajibu, kisha akapiga honi kwa madaha.

Huko Gatsata alikaa fundi Kubwimana. Yeye na babu walikulia mtaa mmoja, Buyenzi, kule Bujumbura, wakicheza mpira wa matambara. Hadi leo wakikutana walizungumza Kiswahili cha utotoni mwao, na kila hadithi waliicheka kabla haijafika mwisho. Ingrid, msichana wa miaka kumi na miwili, alizipenda Jumapili hizo kuliko sikukuu. Tangu bibi afariki, babu alicheka pale tu, kibarazani kwa Kubwimana, na kikombe cha chai mkononi.

Lakini Jumapili hii Ingrid hakuwa na raha. Jana yake, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, alikuwa ameliosha gari. Alikumbuka jinsi bibi alivyokuwa akikisugua kifuniko cha tangi la petroli kwa majivu hadi king'ae, huku akisema, "Mdomo kwanza, mwili baadaye!" Akakifungua ili na yeye akisugue. Kikamponyoka, kikabingirika hadi mtaroni. Siku nyingine takataka zingekizuia, ila asubuhi ile majirani walikuwa wameuzibua mtaro wote, na maji yalikwenda mbio. Kifuniko kikaenda nayo.

Ingrid alilia kidogo, kisha akatafuta mbinu. Alichukua kifuniko cha kopo la maziwa, akakifunika kwenye mdomo wa tangi, akakizungushia mpira mwembamba, ule ambao watu hufungia mizigo kwenye baiskeli, akakaza kwa nguvu zake zote. Hata tone lisingetoka. Babu hakuambiwa neno.

Sasa walikuwa wamekwisha kuipita stendi ya Nyabugogo na wanapanda mlima. Mukecuru akakohoa, akatetemeka, akazima. Babu alingoja kidogo, akawasha. Gari likaenda mwendo mfupi, likazima tena.

"Ni pampu ya mafuta," babu alisema, uso umekunjamana. "Ile ile aliyonifungia Kubwimana mwezi uliopita!"

Alimpigia simu. Haukupita muda, Kubwimana akateremka kwa miguu, spana mfukoni mwa suruali yake ya Jumapili.

"Mukecuru iko na shida gani leo?" aliuliza akitabasamu. Babu hakutabasamu.

Kubwimana alifungua boneti, akachomoa bomba linalopeleka petroli kwenye injini. "Washa," alisema. Petroli ilidondoka tone moja moja. Alikuna kichwa. "Pampu inavuta, ninaisikia. Lakini petroli haiji. Ajabu."

"Ajabu gani?" babu alifoka. "Sema ukweli. Ulinifungia pampu iliyotumika, ukaipaka rangi!"

Kubwimana alimgeukia. "Melchior, tumejuana tangu hatujaota meno mapya. Leo nimekuwa tapeli?" Alilirudisha bomba mahali pake taratibu, akafuta mikono. "Bon, basi. Tafuta fundi mwingine."

Akageuka, akaanza kupanda mlima kuelekea kwenye kona. Babu alimtazama, naye hakumwita.

Ingrid hakuyajua mambo ya pampu. Alijua jambo moja tu: katika gari lile kulikuwa na kitu ambacho wazee wote wawili hawakukijua, na rafiki wa babu alikuwa anaondoka. Akikunja kona ile, nani tena angemchekesha babu?

"Babu Kubwimana, subiri!" alipaza sauti, akamkimbilia, akamshika mkono. Machozi yalimtoka. "Kifuniko cha tangi nilikipoteza mimi. Nikatengeneza kingine. Sijui kama ndicho kilicholizima gari, lakini sikumwambia mtu."

Kubwimana alirudi. Alitazama kifuniko cha kopo, akatikisa kichwa, akaanza kuufungua ule mpira. Mara ikasikika *fsss*, hewa ikiingia ndani ya tangi.

"Umesikia?" alisema. "Kile kifuniko cha zamani kilikuwa na kitundu. Petroli ikitoka, hewa inaingia. Wewe umeziba kabisa. Vuta maji kwenye chupa bila kuachia hewa, utaona kama yatakuja! Pampu ni nzima, mwanangu. Ilikuwa inavuta bure."

Alitoboa kifuniko cha kopo kwa msumari, akakirudisha. "Hiki kitatufikisha nyumbani tu. Kesho nitawatafutia kinachofaa." Mukecuru akawaka na kunguruma.

Babu alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Nimekuvunjia heshima barabarani, mbele ya mjukuu. Hasira hasara."

"Panda gari, mzee," Kubwimana alijibu. "Chai inapoa."

Walipofika kibarazani, babu alimketisha Ingrid kando yake. "Kifuniko kingepotea hata mara kumi, nisingelia," alisema. "Leo nusura nimpoteze mtu. Mimi nilikosa, nilihukumu kabla ya kuuliza. Na wewe ulikosa kunificha. Kosa likifichwa, mwingine asiye na hatia ndiye hulibeba. Siku nyingine sema mapema, hata kama unaogopa. Lakini leo umesema kabla hajakunja kona, na kwa hilo ninakushukuru."

"Ndiyo, babu," Ingrid alijibu.

Kubwimana alileta chai. "Mnakumbuka," alianza, "siku Spéciose alipomsugua Mukecuru kwa majivu hadi rangi ikatoka..." Hakumaliza. Wazee wote wawili walikuwa wameshaanza kucheka, na Ingrid akacheka pamoja nao.