Moto Niliotoa Alfajiri ya Krismasi

Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, mwenye mabinti wawili na wajukuu ambao nikianza kuwahesabu najikuta nimejihesabu na mimi. Kusoma na kuandika nilijifunza ngumbaro, masomo ya jioni, mvi zikiwa tayari kichwani. Mkiona sentensi inachechemea, wasomaji wenzangu, ishikeni mkono. Watu hunijua kwa vicheko. Kuna matanga moja niliwachekesha watu mpaka marehemu nusura aamke! Lakini kuna Krismasi moja ya miaka ya tisini... nikiikumbuka, hata mimi sicheki.

Nilikuwa nimeolewa karibu na Magunga. Kwa wakwe niliitwa Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, kwa kuwa ndiko nilikotoka. Mume wangu, Baba Adhiambo, aliuza mitumba Migori mjini na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilimpenda, jamani! Angeniambia ziwa limekauka, ningebeba ungo nikaokote samaki.

Tuliishi ndani ya boma la baba yake. Na kwetu Wajaluo, mwanamume huhesabiwa mtu mzima siku anapotoka kwa baba yake na kuanzisha boma lake. Hutoka alfajiri, na jogoo, na shoka, na mke wake wa kwanza akibeba moto wa jikoni kwa mama mkwe. Moto huo ndio unaomfanya mwanamke mwenye boma. Mwingine akiuwasha kabla yako, basi... huna mlango pale, hata uje na askofu!

Mwaka huo mume wangu akaniambia nipike pombe ya kutosha na nikaushe nyama, kwa maana Krismasi boma letu litasimama. Tulikuwa na wasichana wawili na bado nilipikia jikoni kwa mama yake. Mnajua nilivyofurahi? Nilicheza mpaka kuku wakahama uwanja.

Nikaanza kazi. Nilikanda unga wa mahindi, nikaufunika ndani ya pipa kwa majani ya mgomba mpaka ukachacha, ukanuka hadi ndege wakabadilisha njia. Nikaukaanga juu ya bati, nikiugeuza kwa jembe, macho yakitoka maji kwa moshi. Nikaotesha wimbi, yaani ulezi, nikauanika, nikausaga kwa jiwe uwe kimea. Kisha kong'o, hiyo pombe yetu, ikaingia kwenye mtungi ambamo kiboko angeoga bila kugusa kando. Pombe ya kienyeji ilikuwa marufuku siku hizo. Askari wa chifu alipita, akanusa, akaniuliza itaiva lini!

Nyama niliikata vipande virefu, nikaitia chumvi, nikaianika juani, kisha nikaitundika juu ya moshi wa jiko. Ndiyo aliya. Nikaweka kando na samli ya kuipikia. Kila nilipogeuza kipande niliona lango langu, na kuku wangu, na jiko langu mwenyewe ambalo hakuna atakayeniuliza nimetia chumvi kiasi gani...

Mama mkwe siku hizo hakunitazama usoni. Nikiimba, yeye kimya. Siku moja akaonja kong'o kwa kibuyu, akasema polepole, "Nyar Asumbi, una mkono mzuri. Mungu akutunze." Machozi yakamlengalenga. Nikamwambia, "Mama, ni moshi huo!" Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Jioni ya kuamkia Krismasi mume wangu hakufika. Nikajiambia magari yamejaa.

Alfajiri nikiwa nachochea moto chini ya chungu cha aliya, shemeji yangu mdogo akatokea na kigae cha mtungi mkononi.

"Nyar Asumbi, nipe moto."

"Kwani jiko lenu limekufa siku kubwa kama hii? Mke wako amelewa kabla ya wazee?"

"Wee nipe tu, bwana."

"Chukua! Moto si nyama, haupungui."

Nikamchagulia makaa makubwa, mekundu. Na nikayapuliza, yasije yakazima njiani. Mnanisikia, wasomaji? Niliyapuliza kwa mdomo wangu huu!

Jua lilipochomoza, nikaona moshi kwenye mteremko ng'ambo, pale kwenye kiwanja mume wangu alichonionyesha. Watoto wakapiga kelele kwamba Baba Adhiambo amekuja. Nikatupa mwiko, nikakimbia, leso ikiburura nyuma.

Alikuwa amesimama na shoka. Kando yake mwanamke nisiyemjua, gauni linang'aa, ameshika kigae. Kigae kile kile! Mbele yao mtoto wa kiume wa miaka kama mitano, amekumbatia jogoo. Masikio yake yalikuwa ya mume wangu, kama ameyaazima.

Miaka mitano... Mimi nilikuwa wapi?

Nikataka kuingia. Mama mkwe akanishika kiuno kwa nyuma. "Usivuke, mwanangu! Ukivuka sasa umeingia kama mke mdogo. Umevunja mwiko, na chira, ile laana ya mwiko, itawala watoto wako."

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Wanaume walikaa, wakamaliza. Mimi ni nani?"

Mume wangu aligeuka mara moja tu. Akasema kama mtu anayekataa bei ya shati, "Usipige kelele, Mama Adhiambo. Wewe umezaa wasichana. Boma linataka kijana."

Nilirudi nikiwa nimeapa kumwaga ile pombe yote, hata chini ilewe! Lakini wazee walikuwa wameshauzunguka mtungi, mirija mirefu midomoni. Mmoja akaniita, "Nyar Asumbi, ongeza maji moto, kong'o inapoa."

Na mimi... nikaongeza. Ningefanya nini? Nikapakua aliya, sahani baada ya sahani, mikono ikitembea yenyewe. Moja ilipelekwa ng'ambo kwa yule mwanamke. Niliambiwa alisifu chumvi.

Kwetu Asumbi ningerudi vipi? Baba alikuwa amekufa, na ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wametolewa kumwoza kaka yangu mke. Nikabaki bomani kwa mkwe. Mabinti zangu waliolewa wakitokea lango la babu yao, wakati baba yao ana lango lake, tunaliona kutoka mlangoni petu.

Dada zangu, nawasihi, msipite njia yangu. Ukiambiwa upike karamu, uliza ni ya nani na nani atakaa kando ya mumeo. Mama mkwe akinyamaza ghafla, acha kuimba, mkalie mbele mpaka aseme. Nanyi mnaojua, semeni mapema, kabla hatujapuliza makaa!

Aliya bado napika kila Krismasi. Wajukuu wanasema hakuna ya kuishinda kutoka Homa Bay mpaka Isebania, na mimi siwezi kubishana na watoto wenye akili. Lakini mtu akija alfajiri na kigae chake, simkatalii, wala simpi kaa hata moja. Kuna kiberiti juu ya rafu. Nampa hicho, kisha namuuliza anakwenda kuwasha wapi.