Walimwita Prosesa

Kila asubuhi, nyumbani kwao kijijini Singe, Domitila alimeza kidonge chake cha kifafa kwa uji. Cha mchana alikifunga kwenye leso na kwenda nacho shule.

Wakati huo Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya. Ofisi moja mjini Babati iliipa shule kompyuta mbovu, na Mwalimu Pantaleo akaifungua mbele ya darasa la sita.

"Hii ni prosesa," alisema. "Inafanya kazi kama ubongo. Nyaya hizi ni kama mishipa ya fahamu, hupeleka taarifa kwa umeme. Ubongo nao una umeme wake mdogo. Ukivurugika, mtu huweza kuanguka kifafa."

Darasa zima liligeuka kumtazama Domitila.

Tangu siku hiyo wakamwita Prosesa. Kila alipopita, Valeria, mwanafunzi mwenzake, alijitupa chini akitetemeka. "Prosesa imezima! Iwasheni!" Wenzake walicheka hadi machozi. Hakuna aliyekubali kutumia kikombe alichonywea.

Siku moja, wakati wa mapumziko, Valeria alimpokonya leso na kutupa kidonge chooni.

"Valeria, nitaanguka!" Domitila alilia.

"Anguka, tuone."

Alasiri alianguka kweli. Mdomo uligonga ngazi ya saruji, meno mawili ya mbele yakavunjika. Watoto walirudi nyuma wakipiga kelele, "Msimguse! Mtaambukizwa!"

Mwalimu Pantaleo alikuja mbio. Alimlaza ubavu, akaweka sweta chini ya kichwa chake, akangoja mwili utulie.

"Dawa yake iko wapi?" aliuliza.

Valeria aliona damu kwenye saruji, akaanza kutetemeka, safari hii bila kuigiza. "Niliitupa mimi, mwalimu."

Domitila alipopelekwa hospitali, mwalimu aliwageukia wanafunzi. "Prosesa ikiharibika tunaing'oa, tunaweka nyingine. Wala haisikii ikichekwa. Mtu husikia. Kifafa hakiambukizi. Ukatili ndio ulioambukiza darasa hili lote."

Jioni Valeria alikwenda Singe na mama yake.

"Shikamoo, Mama Domitila."

"Marahaba."

Domitila, aliyekuwa amesharudi kutoka hospitali, alifunika mdomo kwa kiganja. "Nisamehe," Valeria alimwambia.

"Siwezi," Domitila alijibu, akaingia ndani.

Valeria alilia. Mama Domitila alimsogelea.

"Umesema kweli, mwanangu, na hilo ni jema. Lakini jeraha haliponi kwa sababu aliyelitia amechoka kuliona. Njoo kesho asubuhi, umsindikize shule. Asipokusemesha, njoo na kesho kutwa."