Tausi wa Mistari Thelathini

Kila Jumanne baada ya vipindi, wanafunzi wa darasa la sita waligombea kompyuta nne za shule. Jumanne moja wote walijazana nyuma ya kiti kimoja tu, cha Kidoti. Chini ya jina lake, mwisho wa barua pepe, Kidoti alikuwa ameweka paka aliyemchora kwa alama za kibodi: (=^.^=). Watu walicheka, wakaomba kufundishwa. Hata mwalimu wa kompyuta alisema hiyo ni sahihi nadhifu.

Kiti cha pili alikaa Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake. Roho ilimuuma. Paka gani huyo, hana hata miguu! Wiki nzima, kila mapumziko, alichora tausi kwa nukta, nyota na mistari ya mshazari, mpaka mkia ukafika mistari thelathini.

Ijumaa, Kidoti, ambaye ndiye aliyeandika barua za darasa, aliandika barua kwa mkutubi wa maktaba ya mji kuliombea darasa sanduku la hadithi za kusoma likizoni. Sanduku lilikuwa moja, na shule zilizolitaka ni nyingi. Kabla hajatuma, akaitwa uwanjani.

"Mwenzangu, nisaidie kuituma hiyo," alimwambia Sindano, akatoka mbio.

Sindano alitazama mlangoni. Akamfuta paka, na kwa pupa akafuta pia jina la shule na namba ya simu. Akabandika tausi wake, akatuma.

Jibu lilifika Jumatatu saa nane. Mkutubi aliandika kwamba amefungua barua kwenye simu yake, akakuta nukta na mistari iliyokatikakatika, asijue imetoka shule gani. Asipojua kabla ya saa tisa, sanduku litakwenda kwa wengine.

Darasa zima lilimgeukia Kidoti. Mwalimu alisema kwa huzuni kwamba kuanzia leo ataandika mtu mwingine. Kidoti aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea kibodi. Sindano alikuwa ameitamani nafasi hiyo siku nyingi. Sasa iko wazi, lakini akainuka kitini.

"Mwalimu, si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilimwonea wivu."

Mwalimu hakugomba. Aliwakalisha wote wawili mbele ya kompyuta moja, wakaandika upya: ombi, majina yao, shule, simu. Saa tisa kasoro dakika tano mkutubi akajibu kwamba sanduku ni lao.

"Tausi wako ana mkia mrefu kuliko barua," Kidoti alimwambia Sindano, macho bado mekundu. Sindano akamwomba radhi.

Mwalimu alivuta kiti. "Sahihi ni ya kumsaidia anayesoma," alisema. "Ajue wewe ni nani na akupate wapi. Pambo liwe dogo, lisimchoshe. Na wewe, mwanangu, mkono wako ni mzuri kweli. Ila ulipotaka kumfuta mwenzako, ulitufuta sote."